Sura ya mtu kwa kibao na kalamu ya kompyuta: giza na mwanga kabla ya rangi

Anayeanza kuchora sura za watu kwa kompyuta huulaumu mkono wake mapema mno. Mstari ukitetemeka, pua ikienda upande, ngozi ikitoka rangi ya majivu, basi husema hana kipaji. Ukiitazama kazi yenyewe, mara nyingi kasoro imo kwenye mpangilio wa kibao, au kwenye giza na mwanga ambavyo havikupangwa kabla ya kutia rangi. Yote mawili yanafundishika. Naandika haya kwa kufuata sura za watu wa Unguja na Pemba, ngozi zetu, kofia zetu, mitandio yetu na jua letu, kwa sababu masomo mengi ya mtandaoni yamepangwa kwa ngozi nyeupe ndani ya chumba chenye taa moja. Ukiyafuata neno kwa neno, mzee wa Makunduchi mwenye afya zake atatoka mgonjwa.

Kibao

Vibao ni vya aina mbili. Kuna kisicho na skrini, ambacho mkono unachora mezani na macho yako kwenye laptopu, na kuna chenye skrini yake, ambacho unachora juu ya picha yenyewe. Kwa kuanzia nachagua kisicho na skrini bila kusita. Bei yake ni ndogo, kinakula umeme wa waya wa USB tu, hakina kioo cha kupasuka, na shingo haikai imeinama saa nzima. Wacom, Huion na XP-Pen wote wanavitengeneza. Eneo la kuchorea la inchi 6 kwa 4 linatosha kujifunzia, lakini kwa sura za watu inchi 10 kwa 6 ni bora. Mstari wa taya au wa ukingo wa mtandio unataka mkono utoke kwenye kiwiko, na kibao kidogo kinakulazimisha utumie kifundo peke yake.

Namba za ngazi za mgandamizo, yaani nguvu ya kukandamiza kalamu, 2048, 4096 au 8192, zisikubabaishe. Hata 2048 ni nyingi kuliko mkono unavyoweza kutofautisha. Jambo la kuuliza ni kalamu inaanza kusoma kwa mguso mwepesi kiasi gani, na kama inatumia betri au haitumii. Chukua isiyotumia betri.

Ukinunua cha mkono wa pili, chomeka waya kisha uutikise kidogo penye tundu. Taa ya kibao ikizimika na kuwaka, tundu limelegea, nalo ndilo linaloharibika kabla ya kitu kingine chochote, hasa kwenye vibao vyenye tundu dogo la zamani. Tazama pia ncha ya kalamu. Ncha iliyolika ubavu mmoja ikawa bapa hukwaruza uso wa kibao, na ni kitu cha kubadilisha kwa dakika moja kwa kile kipete kidogo kinachokuja na kalamu. Mchanga ni adui mkubwa zaidi hapa kwetu: chembe moja chini ya ncha inaacha mchirizi usiofutika. Pangusa kibao kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo kila unapokaa kuchora, na ukimaliza kirudishe kwenye mfuko wake, maana hewa ya chumvi hula shaba za waya na tundu polepole.

Joto nalo. Mkono wenye jasho unaganda kwenye kibao na mstari unakatika katikati. Kuna glavu za vidole viwili zinazouzwa kwa kazi hii, lakini soksi nyembamba ya zamani iliyokatwa tundu la kidole gumba na vidole viwili vya mbele, ikabaki kufunika kidole kidogo, cha pete na ubavu wa kiganja, inafanya kazi ileile.

Draiva, na kwa nini nyuso zinatoka pana

Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kibao. Kabla ya kuchomeka kibao kipya, ondoa draiva za vibao vya zamani, zima kompyuta na uiwashe tena, ndipo uweke draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji. Draiva mbili za kampuni tofauti kwenye mashine moja hugombea kalamu: mshale unatembea lakini mgandamizo hausomwi, na mstari wote unatoka unene mmoja. Hilo likitokea na draiva ni moja tu, tazama Windows Ink, mfumo wa Windows wa kusoma kalamu. Imo kwenye mipangilio ya draiva na imo kwenye mipangilio ya programu ya kuchorea, na pande zote mbili lazima zikubaliane, ama zote ziitumie ama zote ziiache. Ukigusa na kutulia kidogo ikatokea duara kwenye ncha na mstari ukachelewa, hiyo ni Windows inadhani unataka kubonyeza kulia. Zima tabia hiyo kwenye mipangilio ya kalamu ya Windows yenyewe.

Halafu uwiano. Skrini nyingi za laptopu ni 16 kwa 9, na vibao vingi ni karibu na 16 kwa 10. Draiva ikitandaza kibao chote juu ya skrini yote, kila unachochora kinabanwa wima kwa karibu sehemu moja ya kumi. Mkono unachora duara, skrini inaonyesha yai lililolala, na nyuso zako zote zinakuwa pana bila wewe kujua sababu. Pindua kikombe cha kahawa juu ya kibao, kizungushie kalamu, kisha tazama skrini. Kama umbo si duara kamili, nenda kwenye draiva ukachague kulinda uwiano. Utapoteza ukanda mwembamba wa kibao, na hiyo si hasara.

Programu ninayoipendekeza ni Krita. Ni ya bure kabisa, haihitaji intaneti ikishawekwa, na imetengenezwa kwa ajili ya wachoraji. Kwenye mipangilio ya kibao ndani yake kuna mchoro wa mgandamizo, mstari unaopanda kutoka kona ya chini kushoto. Vuta alama moja kutoka kugusa tu mpaka kukandamiza. Ikiwa nusu ya kwanza haitoi kitu kisha rangi inaruka ghafla, inua katikati ya mstari ule kidogo. Ikiwa kila mguso unatoa rangi nzito, ushushe. Endelea mpaka mkono uliotulia, usiokazwa, utoe rangi ya kati. Anayekandamiza kwa nguvu huchoka vidole kabla picha haijafika popote.

Vitufe vichache vya kuweka mkono wa kushoto: E hugeuza brashi kuwa kifutio, Ctrl na mguso huchota rangi kutoka kwenye picha, mabano ya mraba huongeza na kupunguza ukubwa wa brashi, 4 na 6 huzungusha karatasi, 5 huirudisha wima, na M huigeuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo. Hicho cha mwisho kina thamani kuliko vyote.

Kwenye karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 2480 kwa 3508, kila leya (tabaka moja la picha) iliyojaa hula takriban megabaiti 35 za kumbukumbu. Laptopu ya gigabaiti 4 itaanza kukwama ukifika leya ishirini na kitu, na mstari unaochelewa nyuma ya kalamu huharibu mkono wa mwanafunzi kuliko kitu chochote. Anza na nusu yake, 1240 kwa 1754, uikuze picha kabla ya kuingia kwenye macho na nywele. Leya tano zinatosha sura nzima. Weka programu ijihifadhi yenyewe kila dakika 5, na kila hatua kubwa ikikamilika bonyeza Ctrl, Alt na S pamoja ili Krita ihifadhi nakala mpya yenye namba inayofuata. Umeme ukikatika na betri ya laptopu ni mbovu, utapoteza dakika chache tu.

Mkono na jicho kuwa mahali pawili ni jambo geni kwa siku za mwanzo. Kwa anayechora kila siku huzoeleka ndani ya wiki mbili au pungufu. Zoezi lake halina uchawi: weka nukta mbili mbali mbali na uziunganishe kwa mstari mmoja bila kurudia, chora mayai yaliyoinama kila upande, kisha ukanda wa hatua tano kutoka nyeusi hadi nyeupe ambao kila hatua imeachana na mwenzake sawasawa. Huo ukanda wa hatua tano usiuruke. Ndio sura ya mtu yenyewe ikiwa bado haijapata pua.

Picha ya kuangalia

Simu ikiwa sentimita 40 kutoka usoni, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Simama umbali wa mita moja na nusu hadi mbili, kisha uvute kwa zumu mara 2. Zima kile kichujio cha urembo, ambacho simu nyingi huja nacho kimewashwa: kinafuta mipaka ya vivuli mashavuni, nayo ndiyo unayoihitaji. Mtu mwenye ngozi nyeusi sana akikaa mbele ya ukuta mweupe, simu hupima ukuta na kuutia uso gizani. Gusa uso kwenye skrini ya simu ili ipime hapo.

Tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini. Miezi mingine halikai mbali sana na hapo. Jua la saa sita hutia macho kwenye mashimo meusi na kuangusha kivuli cha pua juu ya midomo. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Bora zaidi, tumia mlango. Fungua mlango wa nje, mtu akae ndani hatua moja kutoka kizingiti, uso uelekee nje, kisha ageuze kichwa kidogo upande. Upande mmoja wa uso utapata mwanga laini, wa pili utaingia kivulini taratibu, na nyuma yake patabaki giza la chumba ambalo hukulipangia chochote. Wachoraji na wapiga picha wa nchi nyingi hulipia taa kupata mwanga wa namna hiyo.

Vichochoro vya Mji Mkongwe navyo ni studio. Nyumba ndefu pande mbili huacha mwanya mwembamba wa mbingu, basi mwanga unaoshuka ni baridi, wa samawati kidogo, na ukuta wa chokaa unaopigwa na jua upande wa pili hurudisha mwanga wenye ujoto chini ya kidevu. Ukielewa rangi hizo mbili, ya juu na ya kurudi, umeshaelewa nusu ya kazi ya ngozi.

Omba ruhusa kabla ya kupiga, hasa kwa kina mama na wazee, na useme wazi kama picha itachorwa na kuwekwa mtandaoni. Shikamoo na maelezo ya nusu dakika humfanya mtu akae ametulia, na uso uliotulia huchorwa vizuri zaidi kuliko ulioibiwa.

Kwa mazoezi ya giza na mwanga hakuna kinachozidi picha za zamani za nyeusi na nyeupe, mfano zile za Capital Art Studio, studio ya picha ya Mji Mkongwe aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Rangi imeshaondolewa na limebaki umbo. Nakili kwa kujifunza. Ukitaka kuuza, piga picha yako, kwa sababu picha ina mwenyewe hata kama uliyemchora ni mtu maarufu.

Fuvu kabla ya kofia

Macho ya mtu mzima yako katikati ya kichwa, nusu ya njia kutoka utosini hadi kidevuni. Kutoka mstari wa nywele hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, na chini ya pua hadi kidevu ni sehemu tatu zinazokaribiana. Upana wa kichwa ni kama macho matano. Sikio linakaa kati ya mstari wa nyusi na chini ya pua. Mstari wa mdomo uko theluthi moja ya njia kutoka puani kushuka kidevuni. Hakuna mtu anayelingana na vipimo hivi kamili, na pale anapoachana navyo ndipo anapofanana na nafsi yake. Kwa mtoto, macho yako chini ya nusu.

Sasa tatizo la huku. Watu wengi tunaowachora wamefunika kichwa. Mchoraji haoni utosi, basi huanzia pale kofia inapoanzia, na kichwa kinatoka kimekatwa juu, macho yamepanda. Chora fuvu lote kwanza, duara la ubongo na kisogo chake, kwenye leya ya chini. Weka mstari wa katikati ya uso na mstari wa macho, vyote vikifuata mwinamo wa kichwa. Ndipo uvike kofia juu ya fuvu hilo. Ukingo wa kofia unazunguka kichwa, kwa hiyo kwa mtu anayetazamwa kwa usawa wa macho unajipinda kidogo kuelekea juu, na ukiuchora mstari ulionyooka kofia itaonekana imebandikwa. Mtandio hivyohivyo: una unene, hauanzi kwenye ngozi bali milimita chache juu yake, na unene huo unatupa kivuli chembamba kwenye paji na kwenye shavu. Kivuli hicho kikisahauliwa, uso unaonekana umetobolewa kwenye kitambaa.

Kila baada ya dakika chache bonyeza M. Jicho lililo juu kuliko mwenzake, ambalo ulikuwa umelizoea, litajitokeza papo hapo. Ile zana ya kuchora pande mbili sawa kwa pamoja iache. Uso wa mtu haulingani pande mbili, na kichwa kikigeuka hata kidogo upande wa mbali unakuwa mwembamba.

Giza na mwanga

Usianze kwenye karatasi nyeupe. Hili naliweka mbele ya mengine yote kwa anayechora ngozi nyeusi. Juu ya weupe kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo, mkono unaogopa, na unaipandisha ngozi hatua mbili bila kujijua. Ndiyo sababu mtu mweusi anatoka wa maji ya kunde, na wa maji ya kunde anatoka mweupe. Jaza leya ya chini kwa rangi ya kijivu chenye uhudhurungi, mwanga wake ukiwa 40 hadi 50 kwa 100.

Chukua brashi ya duara yenye ukingo mkali, kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, pikseli 80 au 100 kwenye ile karatasi ndogo. Kunja macho nusu ukitazama picha. Utaona maumbo matatu tu: kilicho kwenye mwanga, kilicho kivulini, na cha kati. Weka hayo matatu bila nyusi, bila mboni, bila kope. Mashimo ya macho, chini ya pua, mdomo wa juu, chini ya mdomo wa chini na shingo chini ya taya kwa kawaida huungana kuwa kivuli kimoja. Yaache yaungane. Uso ukifanana na mwenyewe katika hatua hii, kwa rangi tatu na bila macho, utafanana mpaka mwisho. Usipofanana, nyusi hazitauokoa.

Hapa ndipo watu wanapokosa subira. Wanakuza picha mara nne na kuchora jicho moja kwa saa mbili, kope kwa kope, kisha wanagundua liko mahali pasipo pake na roho haitaki kulifuta. Kaa mbali. Picha nzima ionekane kwenye skrini mpaka theluthi mbili za kazi ziishe.

Ukingo una maana kubwa kuliko rangi. Kivuli kinachotupwa na pua kina ukingo mkali karibu na pua, unaolainika kadiri kinavyokwenda. Kivuli cha shavu linalojiviringisha kina ukingo laini tangu mwanzo. Lainisha pale tu umbo linapojiviringisha. Brashi ya hewa ikipita uso mzima, unapata ngozi ya mwanasesere, haina mifupa ndani. Njia ninayoiamini ni kuchota rangi iliyo katikati ya rangi mbili kwa Ctrl, kuiweka mpakani kwa brashi ileile, na kurudia mara mbili tatu. Ni taratibu, lakini pande bapa za uso zinabaki.

Rangi ya ngozi

Wapo wanaomaliza picha yote kwa kijivu kisha wakapaka rangi juu yake kwa leya. Kwa ngozi zetu njia hii ndiyo inayoleta majivu. Leya moja ya rangi juu ya kijivu inatoa rangi ileile kwenye mwanga na kwenye kivuli, na ngozi haifanyi hivyo. Napendelea kuanza na rangi moja kwa moja na kulikagua giza kwa leya ya pembeni: weka leya ya juu kabisa iliyojazwa nyeusi, uipe mtindo wa kuchanganya unaoitwa Color, na picha yote inageuka nyeusi na nyeupe. Iwashe ukague, uizime uendelee.

Namba za kuanzia, kwa kichaguzi cha H (nafasi ya rangi), S (ukolezo) na V (mwanga). Mtu wa maji ya kunde kwenye mwanga wa mlangoni: ngozi ya kati H 20, S 55, V 55, kivuli H 12, S 60, V 30, penye mwanga H 26, S 42, V 75. Mtu mweusi sana: ya kati H 16, S 55, V 32, kivuli H 8, S 50, V 14, na mng'aro wa paji na ncha ya pua unaweza kuruka mpaka upande wa samawati, H 215, S 18, V 60, kwa sababu ni mbingu inayojitazama kwenye ngozi. Huo mng'aro ndio uhai wa ngozi nyeusi. Ngozi nyeupe huonyesha umbo lake kwa vivuli, nyeusi huonyesha zaidi kwa mng'aro, basi mahali na umbo la kila mng'aro huchorwa kwa uangalifu uleule unaopewa jicho. Hizi ni namba za kutia guu, ukishaanza fuata unachokiona.

Tazama mwelekeo wake: kivuli kinasogea kwenye wekundu, hakikimbilii nyeusi. Anayeongeza nyeusi ili apate kivuli na nyeupe ili apate mwanga anapata majivu pande zote mbili. Pale mwanga unapokutana na kivuli pana ukanda mwembamba uliokolea kuliko sehemu zote, wenye rangi ya chungwa iliyoiva. Uweke, hata kama ni pikseli chache. Masikio, ncha ya pua na mashavu ni mekundu zaidi ya paji. Sikio lenye jua nyuma yake linawaka wekundu, maana mwanga unapita ndani ya nyama.

Weupe wa jicho si mweupe. Ni kijivu chenye ujoto, V 60 au 65 na pungufu, na nusu yake ya juu imo kwenye kivuli cha kope. Mboni za watu wetu wengi ni kahawia nzito, karibu zinaungana na kiini cheusi cha katikati. Kitone cha mng'aro ni kimoja, kinaelekea mwanga ulipo, nacho ndicho kinachostahili kuwa cheupe kuliko vyote kwenye picha. Kope ya chini ina unene wake, ukingo mwembamba wenye majimaji, na ukiukosa jicho linaonekana limechorwa juu ya ngozi. Tundu za pua si mashimo meusi, ni wekundu mzito, H 5, V 12. Mdomo wa juu kwa kawaida uko kivulini, wa chini unapokea mwanga, na pembe za mdomo ni laini. Usizizungushie mstari.

Nguo hukopesha uso rangi. Mama aliyejifunika kanga nyekundu atakuwa na wekundu chini ya taya na ubavuni mwa shavu, na akiwa na mtandio wa kijani kibichi shingo yake itaelekea kijani. Chota rangi ya kitambaa, uipake kwa wepesi, Opacity ya brashi ikiwa asilimia 15 au 20, kwenye kivuli kilicho jirani, na ghafla uso na nguo vinakuwa mahali pamoja.

Kanga yenyewe: chora mikunjo kwanza kwa rangi mbili tatu, kisha pindo na mji juu yake kwenye leya ya mtindo wa Multiply, unaotia giza kilicho chini yake, ukivunja mistari ya ua kila mkunjo unapoingia ndani. Maandishi ya jina yakiangukia kwenye picha, yafuate mikunjo nayo, hata ikibidi herufi mbili zipotee. Kofia ya viua haitaki kila tundu lihesabiwe. Chora safu mbili tatu za vitundu pale mwanga unapogeuka kuwa kivuli, kwingine dokeza kwa madoa, na jicho la mtazamaji litamalizia. Buibui jeusi huanzia V 8 kwenye mikunjo hadi 25 penye mwanga, lenye usamawati kidogo. Ukilijaza nyeusi kamili linakuwa tundu kwenye picha. Ndevu nyeupe za mzee zichore kwanza kama umbo moja lenye upande wa kivuli, kisha nyuzi kumi au kumi na tano za pembeni, basi.

Kutoa karatasini

Skrini za laptopu za bei nafuu hubadilika rangi ukiinua au kuinamisha kifuniko. Weka mwangaza wake katikati, usichoree barazani kwenye jua, na tuma nakala kwenye simu uitazame huko kabla ya kusema umemaliza. Kwa simu na mtandao toa JPEG yenye upande mrefu wa pikseli 2000. Kwa kuchapa toa PNG au TIFF kwa ukubwa kamili na nukta 300.

Wino wa mashine hauna mng'ao wa skrini. Samawati kali na kijani kibichi hufifia, na vivuli vilivyo chini ya V 12 huungana vikawa doa moja jeusi, ambalo kwenye sura ya mtu mweusi humeza nusu ya taya. Nyanyua vivuli kidogo kwenye nakala ya kuchapa tu, usiguse faili la asili. Kisha kata kipande cha uso, jicho moja, shavu na ukingo wa kofia, umwombe mwenye duka akichape kwanza kwenye pembe ya karatasi ileile utakayotumia. Kitazame nje, kivulini mchana, na urekebishe kabla ya kulipia karatasi kubwa.